Mianga Miwili: Jua na Mwezi katika Imani ya Wakristo

Kila Desemba inapokaribia, ujumbe uleule huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: kwamba Krismasi ni sikukuu ya mungu jua iliyobadilishwa jina, kwamba Jumapili ni siku ya jua, kwamba kile chombo cha dhahabu chenye miali ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi ili waiabudu ni sanamu ya jua tu. Huletwa kama siri iliyofukuliwa jana. Tuhuma yenyewe ni kongwe. Karibu na mwaka 197, Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage huko Afrika ya Kaskazini, alikuwa tayari anawajibu watu waliodai kwamba Wakristo humwabudu jua, kwa kuwa husali wakielekea mashariki na huifurahia siku ya jua. Aliwarudishia maneno kwa ukali: wengi wenu pia huchezesha midomo mkilielekea jua linapochomoza, na ni ninyi mlioliingiza jua katika hesabu ya siku saba.

Jibu kama hilo humfunga mtu mdomo, ila halimfafanulii kitu. Swali linabaki palepale. Dini inayokataza kuabudu kiumbe chochote imewezaje kujaza jua na mwezi katika Maandiko yake, sala zake, michoro yake na hata kalenda yake? Kulijibu kunatudai tuanzie mbali kidogo, kwa watu walioishi wamezungukwa na mahekalu ya jua na mwezi.

Kitabu cha Mwanzo kinasema ukoo wa Ibrahimu ulitoka Uru ukaenda kukaa Harani. Miji yote miwili ilikuwa vituo vikuu vya ibada ya mungu mwezi wa Mesopotamia. Magofu ya mnara wa hekalu lake yangali yamesimama Uru, kusini mwa Iraki ya leo. Upande mwingine ilikuwako Misri na mungu jua wake, Ra. Lisome simulizi la uumbaji ukiwa na habari hizo akilini, utaona linavyowashusha hadhi wakubwa hao. Nuru inaumbwa siku ya kwanza. Jua na mwezi haviko mpaka siku ya nne, baada ya majani na miti ya matunda. Vinapotokea, havitajwi hata kwa majina, kwa sababu katika Kiebrania na lugha ndugu zake majina hayo yalikuwa pia majina ya miungu. Vinaitwa tu "mianga miwili mikubwa", kisha vinapangiwa kazi kama vibarua walioajiriwa asubuhi ileile: kutenga mchana na usiku, kuwa "dalili na majira na siku na miaka". Na nyota, ambazo Wababeli walizichungulia ili kujua hatima ya wafalme, zinapewa maneno machache ya kupita: "akafanya na nyota pia".

Kuandikwa ni jambo moja, kutiiwa ni jingine. Kumbukumbu la Torati linaonya mtu asiinue macho akaliona jua na mwezi, moyo ukavutwa, akavisujudia. Ayubu anaapa kwamba hajapata kuubusu mkono wake kwa ajili ya mwezi unaopita kwa fahari, na kiapo kama hicho kina maana tu kama majirani walikuwa wakifanya hivyo. Mfalme Yosia, katika karne ya 7 kabla ya Kristo, alikuta penye maingilio ya hekalu la Yerusalemu farasi waliowekwa wakfu kwa jua pamoja na magari yake. Farasi akawaondoa, magari akayachoma moto. Ezekieli naye anasimulia maono ya wanaume wapatao 25 waliosimama ndani ya ua wa hekalu, migongo yao imelielekea hekalu la Bwana na nyuso zao mashariki, wakiliabudu jua. Picha hiyo ya migongo tuishike, itarudi.

Hapa ndipo mambo yanapogeuka kwa namna ambayo wanaosambaza ule ujumbe wa Desemba huwa hawaioni. Jua likishavuliwa uungu, linakuwa huru kutumika kama mfano. Mtunga Zaburi anaweza kusema bila woga kwamba "Bwana, Mungu, ni jua na ngao", kwa kuwa hakuna tena hatari ya kuyachanganya hayo mawili, kama vile hakuna anayedhani Mungu ni ngao ya ngozi. Nabii Malaki anaahidi kwamba kwa wanaolicha jina la Mungu "jua la haki litawazukia, lenye kuponya katika mbawa zake". Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, anaimba juu ya "mwangaza utokao juu". Mathayo anasema uso wa Yesu mlimani uling'aa kama jua, na Yohana wa Ufunuo anauona uking'aa vivyo hivyo.

Wakristo wa kwanza waliyaokota maneno ya Malaki wakampa Kristo jina hilo moja kwa moja: Jua la Haki. Mantiki yake ni rahisi kuifuata. Jua huzama, watu wakadhani giza limeshinda, kisha huchomoza. Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka alfajiri ya siku ya kwanza ya juma. Ndiyo maana walisali wakielekea mashariki, ndiyo maana makanisa mengi ya kale yalijengwa altare ikiwa upande huo, na wengi walizikwa kwa namna ambayo wakiamka watakabiliana na macheo. Huko Yerusalemu katika karne ya 4, mafundisho ya ubatizo yanayohusishwa na askofu Sirili yanaeleza jinsi mtu alivyosimamishwa akitazama magharibi, upande wa giza, akanyosha mkono na kumkana Shetani kana kwamba yuko mbele yake; kisha akageuzwa mashariki na kuikiri imani. Mwili mzima ulifundishwa katekisimu kwa hatua moja ya kugeuka.

Sanaa ilikwenda mbali zaidi. Chini ya Basilika la Mtakatifu Petro mjini Vatikano kuna makaburi ya kale, na katika mojawapo, la ukoo wa Julii, kuna mchoro wa vijiwe wa karne ya 3 au mwanzoni mwa ya 4: kijana amepanda gari la farasi, miali inatoka kichwani mwake, mzabibu umemzunguka kila upande. Ukiuondoa mahali pake utasema ni mungu jua wa Kirumi. Lakini umezungukwa na Yona akimezwa na samaki, mvuvi, na mchungaji mwema, na watafiti wengi humwona huyo kuwa ni Kristo. Mchoraji alichukua sura ambayo kila Mrumi aliijua, akaitumia kusema jambo lake.

Je, Krismasi nayo ilizaliwa hivyo? Hapa ningependa tutulie, maana pande zote mbili za mabishano huwa na haraka. Ni kweli kwamba Kaisari Aurelian alimzindulia Jua hekalu jipya Roma mwaka 274. Ni kweli pia kwamba kuna hati ya Kirumi ya mwaka 354 yenye kalenda inayotaja tarehe 25 Desemba kuwa siku ya kuzaliwa kwa "Asiyeshindika", jina la sifa la mungu jua. Kinachoachwa nje ni kwamba hati hiyohiyo, katika orodha nyingine ambayo wataalamu huiweka mwaka 336, inataja 25 Desemba kuwa siku aliyozaliwa Kristo Bethlehemu ya Yudea. Yaani ushahidi wa wazi wa zamani kabisa wa sikukuu hizi mbili kwa tarehe hiyo umo ndani ya jalada moja. Nani alimtangulia mwenzake? Hati haisemi.

Kuna maelezo mengine yasiyotegemea jua moja kwa moja. Wakristo wa magharibi walikwisha kuhesabu kwamba Yesu alikufa tarehe 25 Machi. Tertullian anaitaja tarehe hiyo. Ikashikwa fikra kwamba alitungwa mimba siku ileile ya mwaka aliyokufa, na Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika ya Kaskazini, anaiandika waziwazi. Ongeza miezi 9 juu ya 25 Machi, unafika 25 Desemba. Mashariki, ambako baadhi walishika 6 Aprili, hesabu hiyohiyo inakupeleka 6 Januari, siku ya Epifania, yaani kudhihirishwa kwa Bwana, ambayo Waarmenia hadi leo huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana. Mimi naona hesabu hii ina nguvu kuliko inavyopewa, ingawa haiondoi uwezekano kwamba fahari ya sikukuu ya jua iliwasukuma viongozi wa Kanisa kuikuza yao. Na tukumbuke kwamba 25 Machi yenyewe, kwa kalenda ya Kirumi, ilikuwa ndiyo siku ambayo mchana na usiku huwa sawa. Jua halikwepeki.

Wahubiri wa wakati ule hawakujaribu hata kulikwepa. Kaskazini mwa dunia, mwishoni mwa Desemba mchana huanza kurefuka baada ya kufikia ufupi wake wa mwisho, na mwishoni mwa Juni huanza kufupika. Augustino aliona hapo ufafanuzi wa maneno ya Yohana Mbatizaji kuhusu Yesu, "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua": mmoja sikukuu yake ni 25 Desemba, mwingine 24 Juni. Sisi wa ikweta fumbo hili hutupita kabisa. Nairobi au Mwanza mchana wa Desemba na wa Juni hutofautiana kwa dakika chache tu, na Krismasi ya Dar es Salaam huja na joto la kaskazi.

Lakini hatari ilikuwepo, na waliokuwa wa kwanza kuisema ni viongozi wenyewe. Katikati ya karne ya 5, Papa Leo Mkuu aliwakaripia waumini kwenye mahubiri ya Krismasi. Basilika la Petro lilikuwa na milango upande wa mashariki. Waumini walipopanda ngazi alfajiri, kabla ya kuingia, baadhi yao waligeuka na kuliinamia jua lililokuwa likichomoza nyuma yao. Ni wale wanaume wa Ezekieli tena, miaka elfu moja baadaye, safari hii wakiwa wamebatizwa. Papa Leo alisema wengine hufanya hivyo kwa ujinga na wengine kwa mabaki ya upagani. Hakuwaambia waache kulipenda jua. Aliwaambia hata anayedhani anamheshimu Muumba wa mwanga huo aache ishara yenyewe, isije ikamchanganya anayetazama.

Swali kama hilo lilijitokeza pia Kilimanjaro. Wachaga walimwita Mungu Ruwa, na jina hilo ni la jua pia. Walutheri wa Misheni ya Leipzig, walioanza kazi huko mwaka 1893, wangeweza kulikwepa. Hawakulikwepa, likaingia katika sala na Maandiko ya Kichaga. Waliamua kwamba jina linaweza kubeba maana mpya, na sioni tofauti kubwa kati ya uamuzi huo na kile walichofanya Wakristo wa kale kwa maneno ya Malaki.

Mwezi usio na nuru yake

Jua ndilo linalosemwa sana, lakini kwangu mwezi ndio wenye fundisho la kina zaidi. Kama Kristo ni jua, mwezi ni nani? Origene, mwalimu wa Aleksandria katika karne ya 3, alijibu kwamba ni Kanisa: linapokea nuru ya Kristo na kuwaangazia walio katika usiku wa ujinga. Ambrosi, askofu wa Milano, karne iliyofuata alilisema kwa ukamilifu: Kanisa haliangazi kwa nuru yake, bali kwa nuru ya Kristo. Aliona hata mwezi kupevuka na kupungua kuwa ni habari za Kanisa, ambalo lina nyakati za kuteswa likafifia na nyakati za amani likajaa, lakini halipotei.

Kwa nini nasema ni la kina? Kwa sababu ni mfano unaomshusha yule anayeutumia. Kanisa likijiita mwezi limekiri kwamba lenyewe ni mwamba wa giza. Mnamo Machi 2013, siku chache kabla ya kuchaguliwa kuwa Papa Fransisko, Kardinali Jorge Bergoglio aliwaambia makardinali wenzake kwamba Kanisa linapojitazama lenyewe huanza kuamini lina nuru yake, na hapo huacha kuwa kile ambacho mababa wa Kanisa waliita fumbo la mwezi.

Mfano huohuo, hata hivyo, ulipata pia kutumiwa kujipandisha. Mwaka 1198 Papa Innocent III aliandika barua kwa wakuu wa Toscana akieleza kwamba Mungu aliweka mianga miwili angani, na vivyo hivyo akaweka mamlaka mbili duniani: ya papa, inayotawala roho, ndiyo jua, ya mfalme, inayotawala miili, ndiyo mwezi, na fahari yake yote anaipata kwa papa. Tazama kilichotokea. Kanisa lililokuwa mwezi mbele ya Kristo limehamia kwenye kiti cha jua mbele ya mfalme. Barua hiyo na nyingine zilizofuata zilitumika katika ugomvi wa mapapa na wafalme kwa zaidi ya miaka 100.

Aliyeivunja hoja hiyo kwa ustadi ni mshairi Dante, katika kitabu chake cha Kilatini kuhusu utawala wa kifalme. Alihoji hivi: serikali ni dawa ya udhaifu ulioletwa na dhambi, jua na mwezi viliumbwa siku ya nne, mwanadamu siku ya sita, na dhambi baadaye kabisa, tabibu gani huandaa dawa kwa mgonjwa ambaye hajazaliwa? Akaongeza kwamba mwezi haupati kuwako kwake kutoka kwa jua, na hata una mwanga kidogo wa kwake, kwa kuwa unaonekana ukiwa umepatwa. Katika hilo la mwisho alikosea. Ule wekundu wa mwezi uliopatwa ni mwanga wa jua uliopinda katika hewa ya dunia. La kwanza bado lina makali.

Mtu mwingine aliyewekwa karibu na mwezi ni Bikira Maria. Ufunuo sura ya 12 inamtaja "mwanamke aliyevikwa jua, na mwezi ulikuwa chini ya miguu yake", na taji ya nyota 12. Wafafanuzi wengi wa kale walimwona huyo kuwa ni taifa la Mungu au Kanisa. Wakatoliki baadaye wakamwona pia Maria, na wachoraji wa Hispania wakamsimamisha juu ya mwezi mwandamo mara nyingi hata haihesabiki. Picha maarufu zaidi ya namna hiyo iko Mexico, ya Bikira wa Guadalupe, ambaye mapokeo yanasema alitokea mwaka 1531: nyuma yake miali, chini yake mwezi. Waprotestanti wengi hubaki na tafsiri ya Kanisa au Israeli, na wanakumbusha ndoto ya Yusufu, ambamo jua, mwezi na nyota 11 ni baba, mama na ndugu zake.

Giza la Ijumaa Kuu na hesabu ya Pasaka

Katika michoro ya kusulubiwa, tangu kitabu cha Injili cha Kisiria kilichokamilika mwaka 586 hadi picha za Waethiopia, jua na mwezi huwekwa pande mbili za msalaba, mara nyingi jua mkono wa kuume wa Kristo. Maelezo ya kawaida ni kwamba uumbaji wote unaomboleza. Injili zinasema palikuwa na giza tangu saa sita hadi saa tisa, na Luka anasema jua lilipungukiwa nuru.

Msomaji wa leo hukimbilia kusema: jua lilipatwa. Haiwezekani, na Wakristo walilijua hilo mapema. Julius Africanus, mwandishi wa karne ya 3, alimkosoa aliyeliita giza hilo kupatwa kwa jua. Jua hupatwa mwezi unapokuwa kati yake na dunia, yaani mwezi ukiwa mchanga kabisa. Yesu alikufa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, katikati ya mwezi, mwezi ukiwa mpevu upande wa pili wa anga. Tena kupatwa kikamilifu hakuzidi dakika 8, wakati Injili zinataja giza la muda wa saa tatu. Mwaka 1983 watafiti wawili wa Oxford, Humphreys na Waddington, walionesha kwamba jioni ya 3 Aprili mwaka 33 mwezi ulichomoza Yerusalemu ukiwa umepatwa kwa sehemu, wakauhusisha na maneno ya nabii Yoeli aliyoyanukuu Petro, kwamba mwezi utageuka kuwa damu. Inavutia, ila manabii walitumia lugha hiyo kwa kila anguko la ulimwengu wa kale, na sioni kama Petro alihitaji darubini.

Mwezi huo mpevu ndio unaotupangia likizo hadi leo. Jirani zetu Waislamu hungoja mwezi uandame ndipo wafuturu Idi, na Wakristo huwatania kwa kutojua tarehe. Wengi hawajui kwamba Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka, zilizochapishwa kwenye kila kalenda ya Kenya na Tanzania, zinafuata mwezi pia. Tofauti ni kwamba mwezi wao umekwisha kuhesabiwa kwenye majedwali. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, uliagiza Wakristo waadhimishe Pasaka Jumapili moja. Kanuni iliyokuja kushika ni hii: Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada yake. Ndiyo sababu Pasaka ya magharibi haiji kabla ya 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Jua linatoa tarehe 21 Machi, mwezi unatoa upevu, juma linatoa Jumapili.

Mwezi wa majedwali si lazima uwe mwezi wa angani. Mwaka 2019 ulitoa mfano mzuri. Kwa saa za Afrika Mashariki, mchana na usiku vililingana 21 Machi muda mfupi kabla ya saa saba usiku, na mwezi ukapevuka alfajiri ileile kabla ya saa kumi na moja. Kwa mbingu, Pasaka ingekuwa Jumapili ya 24 Machi. Lakini jedwali la Kanisa lilikuwa limeweka upevu huo 20 Machi, siku moja kabla ya mpaka, basi ikabidi kungoja mwezi unaofuata, na Pasaka ikawa 21 Aprili.

Kwa Waorthodoksi, wakiwemo wa Ethiopia, Uganda na Kenya, tofauti ni kubwa zaidi. Papa Gregori XIII alipoirekebisha kalenda mwaka 1582 na kuruka siku 10, kutoka 4 Oktoba hadi 15 Oktoba, wao hawakuifuata katika kuhesabu Pasaka. 21 Machi yao sasa huangukia 3 Aprili yetu, na majedwali yao ya mwezi nayo yamechelewa siku kadhaa. Mwaka 1997 mkutano ulioitishwa Aleppo, Siria, na Baraza la Makanisa Ulimwenguni pamoja na Baraza la Makanisa ya Mashariki ya Kati ulipendekeza kanuni ya Nikea ibaki ilivyo, ila jua na mwezi vihesabiwe kwa elimu ya anga ya kisasa, kwa kipimo cha Yerusalemu. Kwa hesabu hiyo watu wa magharibi wangehama mara chache sana, 2019 ukiwa mmojawapo, na watu wa mashariki wangehama mara nyingi zaidi. Pendekezo halikupita. Mwaka 2025 tarehe zilikutana zenyewe, 20 Aprili. Mwaka 2027 zitakuwa 28 Machi na 2 Mei, wiki tano kamili katikati, na zitakutana tena 16 Aprili 2028.